Nusu Eka ya Mirihi

Maguu, Jumatatu, 1 Desemba 1997

Mikono yote malengelenge. Vigingi mia na ishirini nimevipigilia mwenyewe, na kila kimoja nimekipaka pete za rangi, nyeupe na nyekundu, ili baada ya kila mvua nisome udongo umeshuka kiasi gani. Shamba ni nusu eka ya mteremko mkali, juu ya kahawa ya Mama Otilia, mjane aliyenipokea nyumbani kwake. Nyasi nimeng'oa na mizizi yake nikachoma. Halina hata jani, na ndivyo ninavyotaka.

Profesa wangu alisema daftari la vipimo halitoshi, niwe na daftari la pili la kuandika yale nisiyoyapima. Haya, Profesa, naandika. Mimi ni Loveth Ambokile, mtu wa Tukuyu, mhadhiri msaidizi, miaka thelathini na sita, sina mume na sitaki maswali. Kazi yangu ni sayari ya Mirihi. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza Mirihi na Mbinga wapi na wapi.

Ni hivi. Mirihi leo ni jangwa, hewa yake nyepesi mno, maji hayawezi hata kutulia juu ya ardhi. Lakini picha zinaonyesha makorongo makavu, yenye matawi kama ya mto. Yalichimbwa na nini? Kama ni mvua, basi Mirihi iliwahi kuwa na hewa nzito, na mawingu, na pengine zaidi ya hapo. Kama ni maji yaliyochuruzika kutoka chini ya ardhi, hewa haikuwa na lolote la kutuambia. Korongo la mvua lina umbo lake na la chemchemi lina lake. Ili nilijue vizuri la mvua nahitaji mteremko mtupu, mvua nyingi, na pasiwe na mkono wa mtu tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Mwaka jana nilijaribu wilaya nyingine, vigingi vikaishia mafigani kwa watu. Sasa wafadhili wa nje wamesema: rekodi kamili hadi mwisho wa Aprili, la sivyo mradi unafungwa. Ukifungwa narudi kusimamia maabara ya mwaka wa kwanza na shahada yangu ya uzamivu nimeikosa. Chuo siku hizi hakina cha kunipa nianze upya, kila kitu ni jitegemee.

Kwa hiyo huu ndio msimu wangu. Mungu alete mvua.

4 Desemba

Mvua, milimita 12. Vigingi vyote salama.

Jumapili, 7 Desemba

Mimi Mmoraviani, lakini hapa ukibaki nyumbani Jumapili watu wanakuja kukuuguza, basi nikaenda misa. Baada ya misa akina mama wakanizunguka. Hilda, kiongozi wa kikundi chao, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akaanza.

"Mwalimu, lile shamba utapanda nini?"

"Sipandi kitu, Mama."

"Unalipumzisha."

"Hapana. Naangalia maji yanavyolibeba."

Akaniangalia mikono, akaniangalia uso. "Pole," akasema, na wenzake wote wakasema pole.

Nimeelewa nilipopanda juu jioni. Wamatengo hawaachi mteremko uchi. Mwezi wa tatu wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, na kila mraba hubaki shimo linaloshika maji yake. Ngolo, wanaziita. Milima yote imejaa mashimo hayo, ukitazama unadhani ni uso wa Mwezi. Katikati yake, nusu eka yangu, nyekundu, imenyolewa. Nilicheka peke yangu. Nitakuwa nimewaudhi kidogo, lakini hawatakufa.

15 Desemba

Amekuja bwana shamba, Praygod, kijana wa Rombo aliyepangiwa huku miaka sita iliyopita na kusahauliwa. Alisimama juu ya shamba langu kiuno kimeshikwa.

"Dada Loveth, mimi serikali inanilipa nizuie mmomonyoko. Wewe umekuja kuulima."

"Ni nusu eka tu, Praygod."

"Maji hayajui nusu eka." Halafu akakubali chai.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimekula mpaka nimeona aibu. Milimita 19.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Milimita 58 kwa saa mbili! Redio inasema ni El Nino, kaskazini madaraja yamekwenda. Hapa kwangu, kati ya kigingi cha 61 na cha 74, pamefunguka korongo. Korongo halisi! Lina kichwa cha mviringo, matawi mawili, na chini limetandaza udongo kama kipepeo. Nililala kifudifudi kwenye tope nikalipima kwa rula, mvua inanipiga mgongoni, nikaweka picha ya Mirihi pembeni kwenye mfuko wa nailoni. Ndilo lenyewe. Jamani, ndilo lenyewe! Nilipiga kelele mpaka Mama Otilia akatoka akidhani nimeumwa na nyoka.

Nilimwonyesha ile picha. Mama Otilia alisoma hadi darasa la nne kwa masista, hashiki kitu bila kufuta mikono kwanza. Aliitazama muda mrefu.

"Huko kuna watu?"

"Hakuna, Mama."

"Ndiyo maana kumeharibika," akasema, akanirudishia.

Jumapili, 11 Januari

Milimita 44. Korongo limeteremka hadi kwenye kahawa. Miti mitatu ya Mama Otilia imelala na mizizi juu, miti aliyoipanda na marehemu mumewe. Nilimkuta ameinama anaishindilia udongo kwa mkono.

"Shikamoo, Mama. Pole sana."

"Marahaba. Aa, ni mvua tu."

Si mvua tu, na yeye anajua. Angenigombeza ningepata pa kusimama. Nimechimba mfereji chini ya shamba ili kuyaelekeza maji pembeni. Nimefanya kwa siri kidogo, kana kwamba naiba.

13 Januari

Mfereji umejaa tope. Hauna kazi.

Jumapili, 25 Januari

Barua ya Profesa. Amefurahia namba za Desemba kupita kiasi, ametumia neno "adimu" mara mbili. Anakumbusha: msimu mzima, bila pengo, bila mkono wa mtu. Wafadhili wana shamba jingine kama hili nchi nyingine na watabakiza moja. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la kahawa la mnunuzi binafsi, hawa wa soko huria wanaokuja na malori yao na kuondoka siku hiyo hiyo. Nilitamani na mimi ningeweza: nichukue namba zangu niondoke kabla sijaona ya kesho.

2 Februari. Milimita 27.

5 Februari. Milimita 33. Kigingi cha 66 kimebaki kinaning'inia hewani.

9 Februari. Sina haja ya kuandika, mvua.

Jumamosi, 14 Februari

Kichwa cha korongo kimerudi nyuma mita nne tangu Mwaka Mpya. Mkia wake uko hatua kumi na moja kutoka jikoni kwa Mama Otilia. Nimehesabu hatua hizo mara tatu, kila mara nikitanua miguu kidogo zaidi ili zipungue, halafu nikifupisha ili ziongezeke. Mtaalamu mzima!

Kwenye daftari la vipimo siku hii inapendeza. Kila siku mbaya kwa Mama Otilia ni nzuri kwenye daftari lile.

Hilda alipita njiani na jembe begani. "Mwalimu, maji yanakimbia," akasema, kana kwamba sijaona. Nikamwambia najua. Nikasikia mwenyewe jinsi nilivyomjibu kwa ukali. Akasema pole tena. Hilo neno lao litaniua.

Jumatano, 25 Februari

Jumatano ya Majivu. Kijiji kizima kina majivu usoni, mimi peke yangu nina tope. Milimita 40.

Ijumaa, 6 Machi

Maji yameingia jikoni.

Yaliingia alfajiri, yakazima moto, yakachukua mafiga mawili na chungu. Tulisimama ndani, tope la nusu eka yangu limetufika kwenye vifundo vya miguu, najua ni langu kwa ile rangi yake. Mama Otilia alikuwa anaokota kuni moja moja na kuzipanga juu ya dari. Ukuta wa nyuma umeanza kutoa jasho.

Nilitaka kumwambia: Mama, waite wenzako, lifunikeni lile shamba leo hii. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikafikiria wiki nane zilizobaki. Wiki nane tu! Nikafikiria maabara ya mwaka wa kwanza, na wale waliosoma nami ambao sasa wanaitwa madaktari, na Baba kule Tukuyu ambaye ameshawaambia watu wa kanisani. Nikasema:

"Pole sana, Mama. Nitafanya kitu."

"Haya, mwanangu," akasema.

Nitafanya kitu! Kitu gani? Nimeshinda siku nzima nikijaza viroba mchanga na kuvipanga nyuma ya jiko. Praygod amenisaidia bila kusema lolote, na kwa Praygod kukaa kimya ni matusi.

Jumapili, 8 Machi

Dhamiri inanisumbua, basi nimefanya kile ambacho wasomi hufanya, nimetoa zawadi. Nimemletea Mama Otilia debe tatu za mahindi. "Ya pombe," nikamwambia, "uwakaribishe na akina mama wenzako." Nilifikiria Pasaka.

Alinishika mikono yote miwili. Macho yalimjaa machozi. Sikujua mahindi yangemgusa kiasi hicho. Nilijisikia mtu mwema kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

Ngumbo, Alhamisi, 12 Machi

Nimeteremka kwa miguu hadi ziwani kuchukua sampuli za mchanga kwenye mdomo wa mto, mahali ambapo udongo wa milimani unaishia. Mirihi nako makorongo yanaishia kwenye matandazo ya mchanga ya namna hii, nilihitaji kuyalinganisha. Siku mbili, halafu nirudi. Viroba vimepangwa. Nimefikia kwa muuguzi wa zahanati, Ida, mwenyeji wa huku huku, mcheshi, mwenye redio.

Maji ya ziwa ni mekundu mpaka mbali. Ida akanionyesha kwa kidevu. "Huo ni udongo wenu wa juu. Samaki wetu wa usipa wamehama, wavuvi wanarudi mikono mitupu. Nani huko analima ovyo namna hii?"

Sikumwambia. Nusu eka haiwezi kupaka ziwa rangi, hiyo ni hesabu rahisi tu. Lakini nilishindwa kumtazama.

14 Machi

Mto umejaa, njia ya kupanda haipitiki. Nangoja.

15 Machi. Nangoja.

Jumanne, 17 Machi

Mvua ambayo sijawahi kuiona. Huku chini inanyesha ya kawaida, lakini milimani ni weusi mtupu na ngurumo haikatiki tangu saa nne asubuhi. Ida anasema Maguu leo wameoga. Mimi nimekaa barazani kwake nikitazama mlima ambao siwezi kuufikia. Najua ninachopaswa kuwaza: ukuta wa jiko. Nikawaza ukuta wa jiko. Lakini chini ya hilo, nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma, nilikuwa nawaza vigingi. Mvua ya milimita mia na zaidi! Namba moja kama hiyo inafunga mdomo wa kila mfadhili. Nilikuwa nafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, na sikuweza kufanya lolote kwa ajili ya ukuta wala vigingi.

18 Machi. Nangoja. Mto umeanza kushuka.

Maguu, Alhamisi, 19 Machi

Niandike polepole.

Nimepanda tangu alfajiri, nimefika saa nane mchana. Kwenye kona ya mwisho, pale unapoliona shamba langu, nilidhani nimekosea njia. Nikarudi nyuma hatua chache nikatazama mti, nikatazama nyumba. Njia ni ile ile. Shamba halikuwepo.

Palikuwa na ngolo. Nusu eka nzima, juu hadi chini, miraba imenyooka kana kwamba imepimwa kwa kamba, kila shimo lina maji yake yametulia. Korongo langu limejazwa, limeshindiliwa, na juu yake wamepitisha matuta. Hata mahali lilipokuwa sikuweza kupatambua.

Mlangoni kwangu palikuwa na vigingi. Mia na ishirini. Vimeoshwa. Wamevifunga kumi kumi kwa kamba za mgomba, rangi zinang'aa, hakuna hata kimoja chenye tope.

Akina mama walikuwa uani kwa Mama Otilia, kama thelathini hivi, matope mpaka magotini, na vibuyu vya pombe vinazunguka. Waliponiona wakapiga vigelegele. Hilda akanikumbatia akaninyanyua juu, mimi na mkoba wangu wa mchanga.

"Mwalimu! Siku tatu! Hata juzi kwenye ile mvua hatukuacha. Tungeacha, jiko lilikuwa linaondoka!"

Nikauliza nani aliwaambia wafanye hivi. Nilijitahidi sauti itoke ya kawaida.

Wakacheka. "Si wewe?" Hilda akasema.

Mama Otilia akanivuta pembeni. Alikuwa amechoka, lakini sijawahi kumwona na uso ule, umefunguka kabisa.

"Uliponiletea mahindi ya pombe," akasema, "Kwaresima hii. Kwaresima hapa kwetu hainywewi pombe isipokuwa ya kazi ya shamba. Mtu akitoa ya pombe mwezi huu anaomba mikono. Nikaelewa. Nilijua huwezi kusema kwa mdomo, maana ile ni kazi yako, umeisomea. Ukaiacha kwa ajili ya jiko langu. Siku ile ya maji ulisema utafanya kitu. Nikawaambia wenzangu, huyu mtoto ametoa kitu kikubwa, na sisi tufanye vizuri. Ukaondoka ili usione. Hata hilo nililielewa."

Ningesema, hapana Mama, sikukutolea chochote, nilitaka tu dhamiri inyamaze?

"Nyasi mmetoa wapi?" nikauliza. Ndilo swali lililotoka. Shamba langu halikuwa na unyasi hata mmoja, niliuchoma wote, na bila nyasi hakuna ngolo.

"Kila mtu kaja na mzigo wake kichwani, kutoka shambani kwake. Hilda kaleta mingi kuliko wote."

Nikasema asanteni. Nikapewa kibuyu, nikanywa. Hilda akanionyesha maharage yalipopandwa, akaniambia yatatoka wiki ijayo. Nikasema asanteni tena. Nimesema asanteni mara nyingi sana leo.

20 Machi

Nimelala.

Jumamosi, 21 Machi

Kipimamvua walikiacha mahali pake. Walikiogopa, kimeandikwa namba. Kilikuwa kimejaa hadi juu na kumwagika, kwa hiyo hata mvua ile siijui.

Nimekaa na daftari la vipimo. Nina miezi mitatu na siku kumi na mbili za namba safi. Mvua najua zilivyo, udongo najua unavyoshuka, naweza kuandika wiki sita zilizobaki nikiwa nimefumba macho na hakuna profesa duniani atakayegundua. Nilijaza kurasa mbili. Kigingi cha 66, cha 67, cha 68. Zilitoka nzuri kuliko za kweli. Ndipo nikaona: korongo nililokuwa nachora kwenye karatasi lilikuwa linafika jikoni kwa Mama Otilia na kuliangusha, kwa sababu namba zangu zilidai hivyo. Niliangusha jiko lile kwa kalamu, na Mama Otilia yuko upande wa pili wa ukuta anaimba.

Nikazichana.

Jumapili, 22 Machi

Nimemwandikia Profesa ukweli wote, pamoja na mahindi. Praygod ataipeleka barua Mbinga. Alisoma uso wangu akauliza, "Ilikuwa muhimu sana, ile?"

"Ndiyo."

"Wangejua..." akaanza.

"Wasijue," nikasema. Akaitia barua mfukoni.

29 Machi

Maharage yametoka.

3 Aprili

Milimita 94. Nilitoka nikasimama juu ya shamba mvua ikinyesha. Hakikuteremka hata kijiko cha udongo. Kila shimo lilijaa, likamwagikia jirani yake taratibu, likanywa. Nimeandika namba ya mvua, na kwenye safu ya udongo uliopotea nimeandika sifuri. Sijui namwandikia nani.

Nilikuwa nawaona wanawake hawa kama watu walionizunguka tu wakati nafanya kazi, kama hali ya hewa. Sasa nikiwaona nageuka pembeni. Si hasira. Hasira ningejua pa kuipeleka.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Hilda kaniletea kuku mzima. Amesema ni kwa ajili ya wale wakubwa wangu wa Dar, wakija kukagua wapikiwe. Nilimwambia hawatakuja. Akasema, "Watakuja tu, kazi kama ile!"

19 Aprili. Milimita 15.

Jumapili, 26 Aprili

Barua imefika. Praygod alinipa mlangoni mwa kanisa bila kunitazama, na kosa ni langu, niliifungua pale pale, akina mama wote wanaona.

Kurasa mbili, Kiingereza. Profesa anasema ameisoma barua yangu mara tatu na anaumia. Wafadhili wamechagua lile shamba la nchi nyingine. Namba za miezi mitatu bila mwisho wa msimu haziwezi kutetewa. Mradi unafungwa tarehe thelathini, niripoti maabara ya mwaka wa kwanza katikati ya Mei. Mwishoni kaongeza kwa mkono kwamba kusema kweli kulikuwa sahihi. Ningependa kumrudishia mstari huo.

"Ni ya Dar?" Hilda akauliza. "Ni ya shamba letu?"

"Ndiyo."

"Tusomee!"

Wakanizunguka, mitandio ya Jumapili, watoto migongoni. Nikaishika karatasi mbele ya uso.

"Wanasema," nikaanza, nikakohoa. "Wanasema hawajawahi kuona kazi kama hii mahali popote. Wanasema asanteni sana."

Vigelegele! Padri alitoka kuchungulia. Hilda alicheza, mwanamke mzima na mwili wote ule. Wakaniuliza kama majina yao yatakuwemo kitabuni, nikasema yatakuwemo. Yamo humu sasa, angalau.

Jioni Mama Otilia alikuwa anachagua mchele jikoni, jiko lile lile, ukuta umekauka. Hakuinua kichwa.

"Loveth." Hajawahi kuniita jina. "Ile barua ni kurasa mbili. Uliyotusomea ni maneno machache."

Nikakaa juu ya kinu. Nikamwambia. Si yote, lakini yaliyotosha: kwamba kazi imekwisha, kwamba nilihitaji shamba libaki tupu hadi mwezi huu uishe, na kwamba mahindi yalikuwa ya Pasaka.

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

"Tungeacha, ungepata."

"Ningepata, Mama."

"Na jiko?"

"Labda lingesimama."

"Labda," akarudia. Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa nje. "Mimi nilijua umenipa. Nimeshukuru kila siku kwenye rozari. Nilikuwa nashukuru kitu ambacho hakikuwepo."

Nikasema samahani. Naye akasema samahani. Tukakaa pale, kila mmoja amemkosea mwenzake bila kukusudia, na hakuna wa kumsaidia mwenzake hata kidogo.

"Usiwaambie," akasema hatimaye. "Hilda hasa. Alikata nyasi za shamba lake nusu nzima. Mwaka huu huko hakuchimba ngolo, nyasi zilikwisha."

Nimemwahidi.

Jumanne, 28 Aprili

Nimepita shambani kwa Hilda kabla ya kufunga mizigo. Ile nusu aliyoikata kwa ajili yangu iko wazi, nyekundu. Katikati, mahali mteremko unapokuwa mkali, udongo umechanika. Ufa wa upana wa kiganja, na juu yake umeanza kichwa cha mviringo. Mtu mwingine asingeuona. Mimi nimeuangalia mfano wake msimu mzima, najua Januari utakuwa umefika magotini, na najua chini yake kuna kahawa ya nani.

Nilimwita Praygod aje atazame. Akachuchumaa, akapima kwa vidole. "Nyasi hakuna tena kijiji kizima," akasema. "Mpaka mwakani."

Hilda alikuwa kwenye kahawa yake anachuma zilizowahi kuiva. Alituona akapaza sauti, amefurahi kweli kweli:

"Mwalimu! Umekuja kupima na kwangu?"

Nikamwambia hapana Mama, nimekuja kuaga tu.